Ubuyu wa Shilingi Mia

Nauza ubuyu mimi, barabara ya kumi na saba, Ngamiani,
mwekundu, wa iliki, pilipili manga kwa mbali,
pakiti mia, kubwa mia mbili,
na sikujua kwamba nauza maneno
hadi siku binti wa fundi Shekalaghe
aliponijia, simu kaikumbatia kifuani:
"Bi Mwanakheri, una ubuyu?"
Nikampa pakiti.
Akacheka hata akaegemea baiskeli ya watu.
"Si huu, bibi. Ubuyu. Wa jana. Wa kule Chumbageni."

Kumbe ubuyu ni habari ya mtu:
humung'unywa, mbegu ikatemwa,
wekundu ukabaki ulimini mwa anayetaka kukana.
Aliyelibuni neno hili alikula kwangu, naapa.
Hakuniuliza. Hakunilipa.

Basi nikatega sikio.
Chai, niliyoinywa kabla sijaota meno, sasa ni uongo:
"Hiyo chai, tena haina sukari!"
Chawa, aliyetunyolesha vichwa darasa la pili,
siku hizi anavaa suti, anamsifu tajiri, analipwa kwa mwezi.
Mwamba umehama baharini,
mwamba ni kijana anayeuza chaja stendi ya Kange.
Na kuupiga mwingi! Mwingi nini? Wanaupiga tu,
mwalimu, muuza mihogo,
hata msibani nilimsikia mtu akinong'ona jeneza likipita
kwamba marehemu, enzi zake, aliupiga mwingi.

Mwalimu Mhina, mstaafu, huja na kalamu nyekundu mfukoni.
Alisoma simu ya mjukuu wake, mkono ukamtetemeka:
"Xaxa? Kiswahili kina eksi tangu lini?
Tazama, wameisulubu s ya watu!"
Akanunua pakiti mbili, akaondoka akitafuna kwa hasira.

Kisha zamu ikafika mlangoni kwangu.
Mwanangu Salha aliachika Alhamisi asubuhi,
saa saba mchana mji mzima unamung'unya.
Wateja wangu hao hao,
pakiti moja mkononi, nyingine kwenye kioo cha simu.
Mmoja akaniandikia "pol",
e imemshinda.
Siku tatu sikuuza. Ningeliitaje neno lile barazani,
kwa sauti, kama bidhaa?
Siku ya nne ukaingia ubuyu mpya,
mganga wa Muheza na mbuzi wa mteja wake,
wetu ukachacha.
Ndivyo yalivyo maneno ya simu:
laingia Rajabu ni mchumba,
Mfungo Mosi limeshakuwa mtalaka.

Lakini nisijifanye.
Mimi na Mwanasiti na marehemu Tunu
tulisema kinyume uani, mama zetu wakifua,
silabi ya mwisho tukiikokota mbele kama mbuzi mkaidi:
pesa ikawa sape, soko likawa koso,
na jina la yule mvulana wa karakana ya reli
sitalitaja hata kwa kinyume.
Tukadhani tumefunga mlango.
Miaka mingi baadaye mama akaniambia alisikia yote,
kwani yeye na dada zake walikuwa na chao.
Nikamwomba anifundishe.
Akasema kimesahaulika, akageukia sufuria.

Jana usiku, binti wa Salha, anayesoma Korogwe, kaniletea ujumbe:
"bb nmekumic xana 2taonana kexho"
Nikausoma kwa kidole, kama nilivyosoma juzuu,
ile mbili nikadhani ni siku mbili,
nikarudi mwanzo, nikaisikia sauti yake ndani ya zile eksi,
pua imeziba kidogo, kama kawaida yake.
Nikamjibu neno moja:
"Shoke."

Ikaja alama ya kuuliza. Zikaja nyingine tatu.
"shoke ndo nn bb"
"bb"
"bb jmn"

Nikaifunika simu kwa bakuli la ubuyu, nikalala.
Akifika, aulize kwa mdomo.